Cha muhimu nipigie: shajara ya mradi wa simu yangu

Juni, mwanzoni

Mradi ni huu: nishone kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana bila kugusa simu, na usiku nilale bila kwanza kuzunguka status za watu wote. Sifuti WhatsApp wala sihamii simu ya tochi. Ushauri wa "futa kila kitu uone amani" naujua, na naona hutolewa na watu ambao riziki yao haipiti humo. Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam. Nikimaliza gauni nalivisha sanamu, napiga picha, naweka status, na kabla chai haijapoa kuna mtu ameshauliza "hii sh ngapi?" Sehemu kubwa ya kazi zangu huingia kwa mlango huo. Kwa hiyo simu inabaki. Kinachotakiwa kuondoka ni ile tabia ya kuichungulia kila baada ya mshono mmoja, kwa kuogopa kwamba kuna jambo linaendelea na mimi simo.

Kukata kitambaa hakutaki mawazo mawili. Umeshatandika kitenge, umehakikisha maua yanaelekea upande mmoja, chaki iko mkononi, unagawa kiuno kwa nne na kuongeza nafasi ya mshono. Simu inalia. Unachungulia "mara moja tu": picha za send-off ya jana, watu wamependeza. Ukirudi mezani hujui kama ile nafasi ya mshono umeshaiongeza au bado, basi unaokota futi na kupima upya. Asubuhi inakwisha hivyo, na kitambaa bado kizima.

Juni, katikati

Sijabadilisha chochote bado. Nimechukua kurasa za nyuma za daftari la vipimo, na kila mkono ukienda kwenye simu naandika neno moja: hapa nilikuwa naogopa kupitwa na nini. Zoezi linaudhi, lakini linaonyesha.

Maneno yaliyojirudia ni mteja, msiba, mchango, vicoba, shule, ofa, na "watu". "Watu" ndilo nililoandika nilipokosa neno jingine: nani kaenda wapi, kavaa nini, kashonewa na nani. (Hilo la kashonewa na nani lina biashara ndani yake, silifuti.)

Nilipoyasoma kwa pamoja nikaona hayafanani hata kidogo. Nikimkosa mteja, hela imeenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Nikichelewa msiba, nitasemwa mpaka na wajukuu, na watakuwa na haki. Nikikosa kujua kwamba fulani yuko Nungwi anakula pweza, hakuna kinachotokea. Hakuna kabisa. Ila moyo unaruka kwa kiasi kilekile kwa yote matatu, maana yote yanakuja kwa mlio mmoja.

Basi mradi umebadilika sura. Kazi sasa ni kuyatenganisha haya mambo, kila moja lipewe njia yake ya kunifikia, na yale yasiyostahili njia yasipewe.

Jumapili moja, mwezi huohuo

Binti wa dada yangu anasoma saikolojia chuo kikuu. Nilipomweleza alicheka, akasema jambo hili watu wameshalipima. "Mama mdogo, kuna maswali kumi. Jibu harakaharaka, usifikirie." Maswali yalitungwa na Andrew Przybylski na wenzake, yakachapishwa mwaka 2013, na kwa kila moja unajipa alama kuanzia 1 mpaka 5. Unaogopa kwamba wengine wanafaidi maisha kuliko wewe? Unapata wasiwasi usipojua rafiki zako wanafanya nini? Ukiwa likizo unaendelea kuwafuatilia wenzako?

"Likizo ipi?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, jibu tu."

Nikajibu. Alama zangu zilikaa katikati, jambo lililomvunja moyo kidogo. Nadhani alitarajia mgonjwa wa kweli. Alichoniambia baadaye ndicho nilichokiandika: utafiti ule uliona hofu hii huwa kubwa zaidi kwa mtu ambaye mahitaji yake matatu hayajatimia, yaani kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza, na kuwa karibu na watu. Simu inapuliza moto, lakini kuni ziko kwingine.

Kuna jambo nililogombania, na bado nagombania. Maswali yale yanahusu zaidi marafiki na raha zao. Hakuna linalouliza kama unaogopa kuwa wa mwisho kujua kwamba mama mkubwa amelazwa. Hata hii FOMO inayotajwa kila mahali, yaani "fear of missing out", hofu ya kupitwa, Patrick McGinnis aliiandika mwaka 2004 kwenye gazeti la wanafunzi wa biashara wa Harvard, akiwazungumzia vijana wenye mialiko mingi kuliko jioni za wiki. Huku kwetu nusu ya hofu ni wajibu. Mtu anashika simu kwa sababu kutokuwepo kwake kutaonekana, na kutahesabiwa. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "puuza tu, furahia maisha yako", unamwambia awe mtu mbaya.

Julai, siku ya mipangilio

Umeme ulikatika mchana, cherehani imelala, nikapata nafasi.

Magrupu yote nimeyazima mlio. WhatsApp inakupa saa 8, wiki moja, au siku zote. Nimechagua siku zote. Kisha nikayaweka kando yasionekane kwenye orodha ya mbele. Grupu lililowekwa kando linabaki kando hata zikiingia meseji mia, lakini mtu akikutaja kwa alama ya @, au akijibu meseji yako, bado unapata taarifa. Hilo la kutajwa ndilo ninaloliegemea. Anayenihitaji mimi, anitaje mimi.

Kutoka kabisa ni habari nyingine. Tangu mwaka 2022 ukitoka kwenye grupu wanaojulishwa ni maadmini peke yao, halitangaziwi grupu zima. Zamani yale maandishi kwamba fulani ametoka yaliweza kuitishiwa kikao cha ukoo. Hata sasa orodha ya waliotoka inaonekana kwa siku 60 kwa anayejua pa kubonyeza, na kwenye ukoo wetu wapo wanaojua. Nimetoka kwenye magrupu ya harusi zilizokwisha. Bibi harusi ana mtoto anayetembea, kamati bado inarushiana "asubuhi njema" zenye maua waridi. Ya ukoo sijayagusa.

Tiki za bluu nilitaka kuzizima. Ziliingia mwaka 2014 na tangu hapo mtu akiziona anaanza kuhesabu dakika. Lakini ukizizima, pamoja na kutoona nani kasoma meseji yako, huoni pia nani kaangalia status yako. Kwa mtu mwingine hiyo ni nafuu. Kwa fundi ni hasara: nataka kujua kwamba yule mama mwenye harusi ya mwanawe ameliona gauni la lesi, ili kesho nimpitie na salamu. Na kwenye magrupu tiki hazizimiki hata ufanyeje. Zimebaki.

Namba ya kazi nimeihamishia kwenye laini ya pili, WhatsApp Business, yenye majibu yanayojituma yenyewe. Nimeandika: "Niko mezani nashona. Meseji nazisoma saa saba mchana na saa mbili usiku. Kama nguo ni ya leo, piga." Namba ya nyumbani haina tena wateja, na ya kazi haina shangazi. Hapa niseme ukweli, kutenganisha laini ndiko kulikofanya kazi kubwa kuliko yote ya siku hiyo.

Status za watu nimezinyamazisha moja moja, nikabakiza za watoto wa ndugu zangu. Status za kufutika baada ya saa 24 WhatsApp ilizileta mwaka 2017, wazo likiwa limeshaonekana Snapchat. Ule ufutikaji ndio unaokukimbiza. Albamu ya harusi ya shangazi iko kabatini tangu sijaolewa, na sijawahi kukosa usingizi kwamba leo sijaifungua.

Julai, wiki iliyofuata

Mipangilio peke yake haitoshi, kwa sababu watu hawajui. Mtu akituma habari nzito kwenye grupu anaamini ameshakwambia. Kwa hiyo nimepiga simu. Sikuandika tangazo, nimepiga, nikianza na wakubwa.

Kaka mkubwa: "Kwa hiyo sasa tukuombe miadi? Umekuwa mheshimiwa?"

"Hapana kaka. Nasema msiba, ugonjwa, au kikao kilichobadilishwa saa, nipigie. Hata usiku wa manane. Yale mengine nitayakuta."

Akanyamaza kidogo. "Mimi mwenyewe yale mengine sisomi," akasema. "Nabonyeza tu ile namba nyekundu iondoke."

Shangazi hakuelewa kabisa kwa nini namwambia jambo hilo, kwa sababu yeye siku zote hupiga. Hajawahi kuandika meseji maishani mwake.

Walimu wa shule ya mtoto wana grupu lao, nalo linachosha kwa namna yake: tangazo moja la mwalimu, kisha "asante mwalimu" kutoka kwa kila mzazi mpaka tangazo lenyewe linapotelea juu. Nimekubaliana na jirani ambaye mwanawe yuko darasa moja na wangu. Yeye anaangalia wiki hii, mimi wiki ijayo, tunaambizana kwenye ukuta wa uani.

Agosti, michango

Hili ndilo nililoliogopa, na limenichukua muda.

Asiyekaa na harusi za huku huenda asielewe. Kamati inaundwa, grupu linafunguliwa, na orodha ya ahadi inaanza. Kila anayeahidi ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Akilipa, mweka hazina anaweka tiki. Jioni orodha inabandikwa upya: "14. Familia ya Tabata 150,000 ✔. 15. Majirani wa zamani 100,000 ✔. 16. Fundi 50,000." Mbele ya namba 16 hakuna kitu, na chini yake imeandikwa: "Wapendwa, siku zinakaribia, tusiwaangushe watoto wetu." Orodha inasomwa na watu wote, wakiwemo wa upande wa bwana harusi ambao hatujawahi hata kuonana.

Nilipofuatilia daftari langu la mkono-kwenye-simu, jioni nyingi nilikuwa nafungua grupu la harusi kutazama mstari mmoja tu, ule wangu. Halafu nikishaingia nabaki: vitambaa vya sare, ukumbi, MC, keki, nani kaahidi kubwa, nani kanyamaza.

Dawa niliyoitumia haina uhusiano na simu. Nimefungua bahasha ya michango. Mwanzo wa mwezi naweka kiasi ninachokiweza, na ahadi zote za mwezi zinatoka humo; ikiisha, nasema imeisha. Kisha nikampigia mweka hazina.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Fundi, umepotea!"

"Sijapotea. Ahadi yangu ni ile elfu hamsini, naimaliza tarehe tano. Usinihesabu zaidi ya hapo wala chini ya hapo."

"Haya, nimeandika. Na sare?"

"Sare leteni vitambaa, ila mje kwa namba ya kazi."

Tarehe tano nikatuma. Tangu hapo grupu lile sikulifungua mpaka kwenye wiki ya harusi, nilipotajwa kwa @ kuhusu saa ya kuvaa. Yaliyopita katikati, mabishano ya ukumbi na kila kitu, niliyasikia kwa wateja waliokuja kupima sare, tena yakiwa yameshachambuliwa vizuri kuliko yalivyoandikwa.

Kuna aliyeninong'oneza kwamba elfu hamsini kwa mtu mwenye kazi ni ndogo. Huenda. Bahasha ndiyo iliyosema.

Agosti, ofa na fursa

Fupi. Binti wa dada amenifundisha jambo la Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliloliandika mwaka 1979: kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha. Baada ya hapo nikaanza kusoma matangazo kwa jicho la fundi, kutafuta mshono uko wapi. "Usipitwe." "Zimebaki nafasi chache." "Mwisho leo saa sita usiku." Hakuna linaloanza na faida utakayoipata, yote yanaanza na utakachokikosa. Na mimi nauza, najua. Naandika "kimebaki cha mtu mmoja", ila naandika kikiwa kimebaki kweli cha mtu mmoja.

Nguo ya ofa hasara yake ni ndogo. Hatari ni fursa: viwanja vya kulipia leo, sarafu za mtandaoni, grupu la kuweka na kuvuna. Hapa Tanzania tuna kumbukumbu ya DECI, ule upatu wa kuweka hela kwa ahadi ya kupata zaidi. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na "kuvuna", mpaka mwaka 2009 shughuli zikasimamishwa na viongozi wake wakafikishwa mahakamani, wenye mbegu ardhini wakabaki wanaulizana. Kilichowaingiza wengi hakikuwa ujinga, na huwa naudhika wakiitwa wajinga. Jirani alikuwa amevuna kweli. Walimwona kwa macho. Kila wiki ya kusubiri ilionekana ni mavuno yanayopotea.

Sheria niliyoiandika ukutani kwa chaki: hela ya fursa haitoki siku ileile niliyoisikia. Kama kinaisha leo, kiishe.

Agosti, mwishoni

Mtihani umekuja bila kuombwa. Saa kumi na moja alfajiri simu imelia, kaka mkubwa. Mjomba wa Morogoro hatunaye. Nilikuwa nimeshafunga kanga na kutoka nje grupu la ukoo lilipoanza kupata habari. Nilijua hivyo baadaye kwenye basi, nilipolifungua na kukuta jumbe za pole zimejipanga, ya kwanza imeandikwa muda mrefu baada ya simu ya kaka.

Njiani nilikuwa nikifikiria namna habari ilivyotembea. Aliyekuwa hospitali kampigia mkubwa wa nyumba, mkubwa kawapigia ndugu wa damu, ndugu wakawapigia majirani, ndipo mtu akakaa chini na kuandika kwenye grupu. Grupu lilikuja mwisho, na baadaye likafaa kwa kazi nyingine: rambirambi, magari, nani analala wapi. Muda wote niliokuwa nalilinda usiku kucha, njia ya simu ya kupigwa ilikuwepo ileile aliyoitumia shangazi siku zote.

Septemba

Nimepitwa. Wenzangu niliosoma nao sekondari walipanga usiku mmoja kwenye grupu, kesho yake Jumamosi wakavuka kwenda Kigamboni, wakala samaki ufukweni, wakarudi. Mimi nilisoma Jumapili. Hakuna aliyenitaja, na hakuna aliyepaswa. Kila mtu aliona mwenyewe.

Iliuma. Naandika hivyo kwa sababu nimeona watu wanaosimulia miradi ya namna hii wakifika hapa huandika kwamba hawakujali. Nilijali. Nilizitazama picha zote, nikatafuta nani kakaa pembeni ya nani.

Jioni nikampigia mmoja wao, yule ambaye hawezi kunidanganya. Nilikuwa naomba kimoyomoyo aniambie ilikuwa ovyo: foleni ya kivuko, samaki mbichi, watu wamenuna.

"Ee bwana, ilikuwa nzuri mno," akasema. "Tumecheka mpaka mwenye banda akaja kutuangalia. Tulikutaja sana, na yale mambo yako na mwalimu wa hesabati."

Kwa hiyo nilipitwa kweli, na kitu kizuri. Hakuna mpangilio wa simu unaozuia hilo. Gauni la lesi nililolimaliza Jumamosi hiyo asubuhi lilitoka safi, mkono umekaa, na mwenyewe amelipa lote. Sijui kama nikiulizwa nichague moja ningechagua lipi. Tulizungumza kwa muda mrefu, akanisimulia yote, kisha akasema wiki ijayo atapita barazani kwangu na mwenzake mmoja. Wakaja kweli, wakakaa mpaka taa za barabarani zikawaka, nikawakatia nyuzi za pindo bure.

Septemba, hali ilivyo

Asubuhi mpaka saa saba imeshika, isipokuwa siku za kukabidhi nguo za harusi. Siku hizo simu inakaa mezani na sihangaiki nayo. Usiku bado. Status nimezinyamazisha lakini kidole kinajua pa kwenda, na mara nyingine najikuta nazitafuta kule chini zilikojificha. Nitajaribu kuchajia simu sebuleni, mtoto akikubali kunipa saa yake ya kuamkia.

Vicoba nimerudisha mlio. Kuna faini ya kuchelewa kikao, na saa ya kikao hubadilishwa kwa meseji moja ambayo katibu hataki kumtaja mtu kwa @ kwa sababu anaona ni utovu wa adabu. Nimemwomba, hataki, na ni mtu mzima kuliko mimi.

Jirani wa zamu ya grupu la shule anahama mwisho wa mwezi, nahitaji mwingine.

Wenzangu wa sekondari wanazungumzia Bagamoyo, Desemba. Desemba ndio mwezi wangu wa kukesha, kila mtu anataka nguo ya Krismasi na ya harusi kwa pamoja. Nimempigia yule mwenzangu, nikamwambia anihesabu, na tarehe ikishapangwa anipigie siku hiyohiyo ili nifunge kupokea kazi mapema. Amesema sawa, ila nimshonee la kuvalia.

"Lete kitambaa," nimemwambia, "kabla ya Novemba."